Watoto wa P4 (darasa la nne la msingi, Uganda) wanasoma vizuri kwa sauti lakini ukiuliza kifungu kinasema nini, kimya. Mnafanyaje?

Ticha_wa_Ziwani

Walimu wenzangu hamjambo. Nafundisha P4 huku Isingiro upande wa Nakivale, kwenye makazi ya wakimbizi, na kuna jambo limenikaa kichwani toka muhula uanze, naomba tusaidiane. Darasa limejaa, watoto wako zaidi ya mia, wengi ni wa wakimbizi kutoka Kongo ambao nyumbani ni Kiswahili, wengine ni Kinyarwanda, wengine ni wa hapahapa wanaongea Runyankore. Sasa msimamishe mtoto asome kifungu cha Kiingereza, anasoma, tena sauti inatoka hakwami, ukiwa umesimama nje ya dirisha utasema huyu hana shida. Halafu mwambie nieleze umesoma nini. Anakutazama tu. Au anarudi juu anaanza kukusomea sentensi ya kwanza tena.

Na kinachonichanganya ni kwamba yale maswali ya mwisho wa kifungu mengi wanayapata. Nikasema hebu nijaribu kitu, nikaandika ubaoni kwa Kiswahili, lakini maneno nimejitungia mwenyewe: "Kitonge alipesua dundi kando ya mbalamo." Nikauliza, nani alipesua dundi? Mikono juu darasa zima, Kitonge! Alipesua nini? Dundi! Wapi? Kando ya mbalamo! Wote wamepata, na hakuna dundi wala mbalamo popote duniani. Hakuna hata mmoja aliyesema mwalimu dundi ni nini. Hilo limeniumiza kweli, kwa sababu maana yake wameshakubali kwamba kusoma ni kitu ambacho hakitakiwi kuleta maana, unachota tu maneno unayarudisha.

Sasa naomba mniambie mnafundishaje ufahamu, nataka mnachofanya darasani, silabasi ninayo. Vitabu havitoshi, wanagawana, kipindi ni dakika 40. Na jambo lingine, je nikiwaelezea kwa Kiswahili kwenye kipindi cha Kiingereza ni kosa? Kuna mwalimu mwenzangu anasema P4 ni Kiingereza tu basi.

MamaChaki_Busia

Pole mwalimu, na hilo jaribio lako la dundi litunze, nitalitumia kwenye kikao cha walimu wetu hapa shuleni.

Mimi niko kwenye ubao miaka mingi sasa na nakwambia wazi, sisi wengi hatufundishi ufahamu, tunaupima. Someni, haya jibuni swali la 1 hadi la 10, leteni nisahihishe. Ni kama kumuuliza mtu aliyepotea "umefika?" bila kumwonyesha njia. Na si Uganda peke yake, kule Marekani kuna mtafiti anaitwa Dolores Durkin alikaa madarasani kuangalia walimu wa kusoma wanatumiaje muda, akachapisha 1978-79, muda wa kufundisha mtoto jinsi ya kuelewa haukufika hata asilimia 1. Muda ulikuwa unaenda kwenye kuuliza maswali na kugawa kazi. Sasa huko walikuwa na vitabu na madarasa madogo, fikiria sisi.

Ninachofanya mimi ni hivi. Nachukua kifungu kifupi sana, mistari minne mitano, naandika ubaoni, halafu nakisoma MIMI mbele yao na ninafikiri kwa sauti. Yaani nasimama katikati ya sentensi nasema "ngoja, hapa sijaelewa, huyu 'yeye' ni nani, ni mama au ni mtoto? Narudi nyuma... aa ni mama, kwa sababu ndiye aliyetoka nyumbani." Watoto wanashangaa kwanza, wanadhani mwalimu hajui kusoma. Lakini wanaona kwamba msomaji mzuri anasimama, anarudi, anajiuliza. Hilo hawajawahi kuliona popote maana kichwa cha mtu hakina dirisha, wao wanaona tu mdomo unaenda.

Nikupe mfano niliotumia. Niliandika hivi:

"Mama Sifa alitoka asubuhi na mapema na jogoo kwapani. Njia nzima jogoo alikuwa anahangaika. Jua lilipoanza kuzama Mama Sifa alirudi na daftari mbili, kalamu na pakiti ya chumvi. Sifa alipomwona alikimbia akamkumbatia."

Swali langu moja tu, jogoo yuko wapi? Kimya kabisa. Mmoja akasema "mwalimu hawajaandika." Sawa, kweli hawajaandika. Mwingine akasema amechinjwa. Sikumwambia umekosa, nikamwambia njoo uweke kidole kwenye sentensi iliyokuambia amechinjwa. Akaja ubaoni akatafuta, akatafuta, akarudi kukaa. Halafu binti mmoja wa nyuma ambaye hata huwa haongei akasema ameuzwa sokoni. Umejuaje? "Kwa sababu ametoka na jogoo amerudi na vitu vya dukani, na jogoo hakurudi." Hapo darasa zima likasema aaaa. Kuanzia siku hiyo swali la "weka kidole" ndio limekuwa swali langu kubwa. Jibu lolote utakalotoa, weka kidole uonyeshe limetoka wapi, na kama halijaandikwa niambie umeunganisha nini na nini.

Kuhusu Kiswahili usiogope. Mtaala wa mada, ule wa kufundisha kwa mada badala ya somo moja moja, ulipoanza 2007, P1 hadi P3 wakawekewa lugha ya eneo na P4 ukawa mwaka wa kuvuka kuingia Kiingereza. Kuvuka maana yake mguu mmoja bado uko ng'ambo. Wasome kwa Kiingereza, wabishane kwa lugha wanayoijua, halafu mnaandika jibu kwa Kiingereza pamoja.

Oli_Arua

Mwalimu wa Busia amesema vizuri lakini mimi naomba tusikimbilie mbinu kabla hatujajua ugonjwa ni upi. Mtoto asiyeelewa anaweza kuwa na shida mbili tofauti kabisa na dawa zake hazifanani.

Kuna wataalamu wawili, Gough na Tunmer, 1986 walisema kitu rahisi, kuelewa unachosoma ni uwezo wa kusoma maneno MARA uwezo wa kuelewa lugha yenyewe. Ni kuzidisha, sio kujumlisha. Kwa hiyo kimoja kikiwa sifuri jibu ni sifuri hata kingine kiwe juu namna gani. Mtoto wako anasoma maneno ya Kiingereza lakini Kiingereza chenyewe hakijui, sifuri. Mwingine anaijua lugha lakini kila neno anapigana nalo herufi kwa herufi, akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo, huyo naye ni sifuri.

Sasa fanya hivi, haigharimu kitu. Chukua watoto wachache, sio wote. Kifungu kilekile ambacho hawakuelewa, wafungie kitabu, wasomee WEWE kwa sauti pole pole kwa Kiingereza, halafu waulize. Kama bado hawaelewi basi shida sio kusoma, ni Kiingereza, wanahitaji maneno na maongezi. Halafu wasimulie habari hiyohiyo kwa Kiswahili. Wakielewa hapo na wakaweza hata kukisia kitu ambacho hakijasemwa, kama lile la jogoo, basi akili ya kuelewa wanayo, inangoja lugha tu. Lakini ukiwasomea wakaelewa, na wakisoma wenyewe hawaelewi, basi rudi kwenye sauti za herufi na kusoma kwa mtiririko, na usione aibu kufanya hivyo na mtoto wa P4.

Na kitu kimoja zaidi, usidanganywe na sauti. Huku kwetu watoto wanakariri kifungu cha kitabu kwa sababu kaka yake alikisoma mwaka jana na mwingine mwaka juzi. Mpe kifungu ambacho hajawahi kukiona, andika mwenyewe. Utashangaa.

P7_Kampala

Nawasikia na sipingi, lakini mi niko P7, darasa la mwisho la msingi, na mwisho wa mwaka ni PLE, mtihani wa kumaliza msingi, na UNEB, baraza la mitihani, hawataulizia mtoto anafikiria nini kwa sauti. Mtoto wangu anakaa na karatasi ya Kiingereza yenye maswali 55, sehemu B ako na kifungu, ako na shairi, ako na tangazo au jedwali, na anatakiwa ajibu kwa sentensi kamili. Muda ni mdogo. Sisi tunawafundisha soma swali kwanza, tafuta neno la swali kwenye kifungu, nakili sentensi hiyo, badilisha kidogo. Inafanya kazi na wazazi wanataka madaraja. Sasa mkianza kukaa kipindi kizima na jogoo mmoja, hayo mengine yatafundishwa saa ngapi?

MamaChaki_Busia

Mwalimu wa P7 nakuelewa sana, presha ya PLE naijua, mimi mwenyewe nimefundisha P7. Lakini tazama mbinu yako na tazama dundi. Ni kitu kimoja. "Tafuta neno la swali, nakili sentensi" ndiyo hiyohiyo iliyowafanya watoto wa P4 wapate alama zote kwa sentensi isiyo na maana. Inakupa alama kwenye maswali ya nani na wapi. Swali likija "unadhani kwanini", au shairi likisema kitu kwa kuzunguka, mtoto hana pa kunakili. Na hapo ndipo wanapoachana aliyeelewa na asiyeelewa.

Halafu huyo mtoto anaenda S1, mwaka wa kwanza wa sekondari, anakutana na vitabu vya bailojia na historia ambavyo havina maswali mwisho wa ukurasa. Atanakili nini?

Sisemi usimfundishe jinsi ya kujibu mtihani, mfundishe, ni haki yake. Ila muhula wa tatu P7 umechelewa kuanza kufundisha kuelewa. Ndio maana namtetea huyu wa P4, yuko mahali pazuri kabisa pa kuanzia.

P7_Kampala

Hapo kwa shairi umenigusa. Kweli wanapoteza alama nyingi hapo. Nitajaribu hilo la weka kidole.

Mnyonge_wa_Bwera

Mi naongeza moja ambayo haijasemwa. Kuelewa kunategemea pia unajua nini kuhusu hiyo habari kabla hujaanza kusoma. 1988 watafiti Recht na Leslie waliwapa watoto habari ya mchezo wa beziboli, wengine wasomaji wazuri wengine wasomaji dhaifu, na katika kila kundi kuna wanaoujua mchezo na wasioujua. Wasomaji dhaifu wanaoujua mchezo walieleza habari vizuri kuliko wasomaji wazuri wasioujua. Fikiria hiyo. Mtoto tuliyemuita dhaifu anampita yule wa kwanza darasani kwa sababu tu habari inahusu kitu anachokijua.

Sasa angalia vifungu tunavyowapa. Kuna kitabu hapa kwetu kina kifungu kuhusu uwanja wa ndege na lifti. Mtoto wa Bwera lifti ataijulia wapi? Mpe habari ya kuvuka mpaka pale Mpondwe siku ya soko, mwanamke amebeba maharage, askari anaangalia mzigo, utaona anakueleza mpaka ambacho hakijaandikwa. Hapo unamfundishia ile mbinu ya kukisia na kuunganisha kwenye kitu anachokijua, halafu ukishaona ameishika unampeleka taratibu kwenye lifti.

Kuna profesa wa saikolojia Marekani, Daniel Willingham, amesema sana kuhusu hili, kwamba mbinu za ufahamu zinasaidia kweli lakini ni za kufundisha kwa muda mfupi, ukizirudia vipindi hamsini hazizidi vipindi kumi. Muda unaobaki tumia kuwajaza watoto maarifa na maneno. Mi nakubaliana naye. SST, yaani maarifa ya jamii, ya P4 ni kuhusu wilaya yetu, basi hicho kipindi cha SST ndicho kiwe pia kipindi cha kusoma. Soma habari za wilaya, za mvua, za ng'ombe, za ziwa, na maneno yaleyale ya Kiingereza yatarudi kwenye vifungu. Masomo haya tumeyatenga sisi walimu.

Dada_Mbale

Kuhusu wingi wa watoto. Kuna njia inaitwa kufundishana kwa zamu, Palincsar na Brown waliandika 1984, na waliijaribu kwa watoto ambao ni haswa kama wako mwalimu, wanaosoma maneno vizuri lakini hawaelewi. Kazi ni nne, kukisia kitakachofuata, kuuliza swali, kusafisha palipo na giza, na kusema kwa ufupi. Mwanzo mwalimu anaongoza, halafu taratibu anawaachia watoto.

Mi huwa natumia madawati. Walioko kwenye dawati moja pamoja na wa dawati la nyuma yao wanageukiana, hiyo ndio timu, hakuna kuhamahama, maana ukiwahamisha watoto mia umepoteza nusu ya kipindi na mwalimu wa darasa la jirani atakuja kulalamika. Kila mtu kwenye timu na kazi yake, kesho zinazunguka. Kitabu kimoja kinatosha, mmoja anasoma aya moja wengine wanafanya kazi zao. Usianze kazi zote nne siku moja watachanganyikiwa, wiki ya kwanza ni kuuliza tu. Na swali wasiulize la "nani", nimelipiga marufuku, waanze na kwanini au umejuaje. Kelele itakuwepo. Mwambie mwalimu mkuu mapema ili asije akadhani darasa halina mwalimu.

Wengine bado watakaa kimya waachie mmoja, hiyo ni kweli, unazunguka tu na kuwashtua.

Baba_Nuru

Samahanini mi sio mwalimu, ni mzazi tu hapa Malaba, naendesha boda. Mtoto wangu ni hivyohivyo mnavyosema. Mi Kiingereza sina, mama yake pia. Sasa nyumbani tunaweza kumsaidia kweli au tungoje shule?

MamaChaki_Busia

Baba Nuru usingoje, tena unaweza sana. Msimulie hadithi kwa lugha yenu, yoyote ile, na usimalizie. Fika mahali sungura ameingia kwenye zizi la simba, nyamaza, mwambie "unadhani atafanya nini?" Akijibu muulize kwanini unafikiri hivyo. Hiyo ndiyo kazi ya kukisia tunayoihangaikia shuleni, bibi zetu walikuwa wanaifanya kila jioni. Akitoka shule usimuulize umefundishwa nini, atakwambia hakuna. Mwambie akusimulie alichosoma leo kwa lugha ya nyumbani. Asipoweza, mwambie kesho umuulize mwalimu neno moja ambalo hukulielewa. Uwezo wa kuelewa ukijengwa kwa lugha ya nyumbani haupotei, unahama naye kwenda kwenye Kiingereza.

Baba_Nuru

Asante mama. Hadithi za sungura ninazo nyingi sana.

Ticha_wa_Ziwani

Jamani asanteni. Nimefanya lile la Oli wa Arua na watoto wachache wakati wa mapumziko. Kifungu kilikuwa cha mvulana aliyekosa kwenda shule. Niliwasomea kwa Kiingereza, karibu wote hawakupata kitu zaidi ya "mvulana" na "shule". Nilipowasimulia kwa Kiswahili walikuja juu, mmoja akasema mwalimu huyu mtoto amedanganya, hakuwa mgonjwa, kwa sababu viatu vyake vina tope na yeye anasema alilala siku nzima. Hiyo mimi mwenyewe nilikuwa bado sijaiuliza! Wawili tu ndio walionekana shida yao ni maneno yenyewe, hao nimewatenga kwa ajili ya kusoma herufi asubuhi kabla ya kengele.

Kwa hiyo kwangu ni lugha hasa. Nimeamua hivi, kifungu kwanza tunakiongelea kwa Kiswahili na Runyankore, tunachukua maneno matano ya Kiingereza ambayo bila hayo habari haisimami, tunayachezea, tunayaigiza, halafu ndio wanasoma. Wale wa Kinyarwanda bado natafuta njia, kuna msichana mmoja anajua zote tatu nimemweka karibu nao. Na jogoo wa Mama Sifa naja naye wiki ijayo.

Swali la mwisho, vifungu vifupi vyenye mambo yetu navipata wapi? Kuandika kila siku mwenyewe usiku nachoka.

Dada_Mbale

Ingia African Storybook kwenye intaneti, ni bure, hadithi ziko kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili na Luganda zimo, na nyingi ziko pia kwa Kiingereza, kwa hiyo unachukua hadithi ileile kwa lugha mbili. Zina ngazi, anza na zile za sentensi moja moja kwa ukurasa. Pakua kwenye simu ukiwa mjini kwenye mtandao mzuri, halafu nakili kwenye karatasi za manila kwa maandishi makubwa ya kalamu nene, mia nzima wataona. Ukimaliza viringisha uweke juu ya kabati, mwakani unazo.

Mnyonge_wa_Bwera

Na waachie watoto wakutungie pia. Mtoto asimulie kwa Kiswahili safari yao ya kuja Nakivale au siku ya soko au ng'ombe aliyepotea, wewe unaandika sentensi nne ubaoni kwa Kiswahili, mnazigeuza pamoja kwa Kiingereza, mtoto mwenye mwandiko mzuri ananakili kwenye manila. Chagua tu habari ambayo mtoto mwenyewe amependa kuisema, usimchimbe ya vita. Maneno yote watayaelewa maana ni ya kwao.

Ticha_wa_Ziwani

Hiyo ya kutunga naanza nayo Jumatatu. Manila nitanunua mbili kwanza.